Twisheni ya Baba

Mwaka ule baba alipopogoa mistari mitatu ya zabibu za jirani na kuiacha ya kwake, jirani huyo alikuja kwangu Makole, mjini Dodoma, kunishtakia, na katikati ya mashtaka akajikuta anamsifu mshtakiwa. "Mwalimu, kazi yenyewe ni safi," aliniambia. "Kila tawi kaacha macho mawili, hakuna lililochanika. Ila lile siyo shamba lake, na mimi nilikuwa sijapanga kupogoa kipindi kile." Macho ni vile vifundo vya kwenye tawi ambako chipukizi hutokea, ukikata pasipo pake, umeua msimu. Nilimpa chai, nikamwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, akaondoka ameridhika nusu. Mimi nilibaki pale sebuleni nimeshika birika, hofu imeniingia.

Maana haikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeona mambo na kujifanya sijayaona. Baba alikuwa anaanza kumimina chai, anaitika salamu ya mtu aliyeko nje, halafu anasahau kwamba mkono wake bado unamimina. Siku moja alikwenda stoo kufuata kamba akarudi na jembe, akalitazama jembe lile kwa chuki kama vile lenyewe ndilo lililomfuata. Habari za zamani alikuwa nazo zote, na akianza kukusimulia miaka ya njaa ujue siku yako imekwisha. Kilichokuwa kinamponyoka ni kile alichokuwa anakifanya dakika ileile.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye anaishi Dar es Salaam na anaiongoza familia kwa simu, aliitisha kikao. Tulikaa Makutupora, mimi na baba, kwenye kibaraza cha nyumba yake, simu tumeiweka juu ya kigoda na spika imewashwa. Mdogo wangu alisema mzee ahamie mjini kwangu, ile eka moja ya zabibu ikodishwe, na mkasi wa kupogolea uwekwe mahali asipoufikia. Alizungumza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyeandika kwanza. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainamia kile kigoda na kupaza sauti, kwa sababu Dar es Salaam ni mbali.

"Daktari akisema kichwa changu hakitulii, chukueni mkasi. Nitakuja kukaa Makole nihesabu bodaboda. Lakini aseme daktari. Siyo wewe na dada yako."

Tukakubaliana hivyo. Mdogo wangu aliridhika, kwa kuwa anawaamini sana madaktari. Mimi sikuridhika. Baba amekuwa kwenye zabibu tangu alipokuwa kibarua wa kubeba ndoo za wengine, na baada ya mama kufariki, zile zabibu ndizo zilizomtoa kitandani kila asubuhi. Nilijua kwamba baba akinyang'anywa mkasi ule nitaletewa nyumbani kwangu mzee mwingine kabisa, na huyo mzee mwingine mimi nilikuwa simtaki.

Hapa lazima nijieleze, kwa sababu kosa lililofuata ni langu. Nimefundisha hisabati darasa la saba kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtu akitamka neno mtihani mbele yangu, sijiulizi ni mtihani wa nini. Najiuliza ni lini, una maswali mangapi, na maswali ya mwaka jana yanapatikana wapi. Nina hasira za karibu, hilo silifichi, na watoto wa shule walinipa jina la utani ambalo sitaliandika. Lakini darasa langu lilikuwa linafaulu.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, wa umri wa kuwa mwanafunzi wangu. Alimwamkia baba kwa heshima mpaka nikalegea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula lakini? Mbona mwembamba?"

Daktari akacheka, akasema amekula. Akaeleza kwamba siku hiyo angepima umakini, yaani uwezo wa mtu kukamata jambo moja akalishikilia bila kuliachia. Atasoma herufi, mojamoja, taratibu. Kila baba akisikia A, agonge meza mara moja. Ikisomwa herufi nyingine, atulie. Baba akasema hilo halina shida, yeye alifika darasa la nne, na darasa la nne la enzi zile siyo hili la kwenu.

A ya kwanza aligonga. A ya pili ilipita wakati toroli la chakula cha wagonjwa linapita nje ya mlango, na baba alikuwa amegeuka kuangalia kama kuna mlenda. A ya tatu aligonga mara mbili.

"Mara moja tu, babu," daktari akamkumbusha.

"Moja ni ya hii," baba akasema. "Nyingine ni ya ile iliyonipita."

Daktari alitabasamu, lakini kalamu yake iliandika. Na mimi nilikuwa naandika. Niliona kalamu ile inakwenda, damu ikanichemka, nikatoa bahasha ya dawa kwenye mkoba na kuanza kunakili herufi zote kadiri zilivyosomwa, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wa haraka niliouzoea kwenye vikao vya walimu. Mimi, ambaye nimesimamia mitihani ya taifa, nimewavua watoto viatu nikitafuta vikaratasi, nilikuwa nimeficha bahasha chini ya mtandio na ninaiba mtihani.

Kisha zikaja namba. Daktari anataja tatu, baba azirudie kuanzia mwisho. Baba akamuuliza kwa upole kwa nini ataabike kuzirudisha nyuma wakati yeye daktari amezitaja vizuri kabisa. Baada ya hapo akaambiwa ahesabu kurudi chini kutoka mia, kila mara atoe saba. Mia toa saba akasema tisini na tatu, haraka, nikavimba kwa fahari. Ilipofika tisini na tatu toa saba, alikwama.

"Themanini na..." alisema baba, akanitazama.

Nikakohoa mara sita.

"Na sita!" alisema baba.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, una kifua?"

"Ni vumbi hili la Dodoma."

"Pole. Basi nakuomba ukalikoholee nje."

Nilitoka. Sikuwahi kutolewa darasani tangu nizaliwe, na nilipokaa kwenye benchi la nje nilikuwa nawaka moto. Walipomaliza, daktari alisema hawezi kuandika lolote kwa siku moja. Kwanza baba apimwe masikio, macho na damu, kwa maana wakati mwingine mtu hasikii vizuri au halali vizuri, watu wakadhani ni akili. Turudi baada ya wiki tatu, kipimo kirudiwe, ndipo ataandika barua. Alipotaja zile wiki tatu, nadhani alidhani anatuambia tupumzike. Mimi nilisikia tarehe ya mtihani.

Baba nilimhamishia Makole kesho yake. Nilinunua karatasi ya manila, nikachora ratiba na kuibandika sebuleni: saa tatu herufi, saa nne uji, saa nne na nusu kutoa saba saba, saa tano miezi ya mwaka kutoka Desemba kurudi Januari, mchana kupumzika, alasiri marudio. Baba aliisoma ratiba ile akiwa amesimama, mikono nyuma, akauliza kama kuna siku ya michezo.

"Hakuna, baba."

"Na viboko?"

"Baba, nitakuchapaje wewe?"

"Basi sitafaulu," alisema, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Nasoma herufi kutoka kwenye ile bahasha, baba anasikiliza vizuri tu, halafu mwuza mboga anapita na baba anamuuliza bei ya mchicha. Narudia kuanzia mwanzo. Nzi anatua mezani, baba anagonga, siyo herufi bali nzi. Narudia. Nilipiga kelele siku ya tatu. Nilimwambia kwamba hana nia, kwamba anafanya masihara na maisha yake mwenyewe, maneno niliyozoea kuwaambia watoto wa miaka kumi na tatu, na nikayasema kwa sauti ileile. Baba aliweka mikono yake mezani, viganja chini. Mikono yake ina makovu mengi madogo ya mkasi. "Nia ninayo, mwanangu," alisema. "Naishika, inatoka. Naishika, inatoka." Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Wiki ya pili, jambo likatokea ambalo mimi niliita muujiza. Baba alianza kupata. A nne katika kumi na moja, kesho yake saba, kesho kutwa tisa. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaandika "umejitahidi", na siku aliyopata tisa kwa kumi na moja nilimpikia kuku. Niligundua kwamba anafumba macho na midomo yake inacheza. Nikamuuliza ana mbinu gani. Akasema ni kama kupogoa tu: kata, acha, acha, kata, acha, kata, kata. Mkono ukishajua mstari, unakwenda wenyewe. Nikafurahi. Nikaona hii ni akili ya mkulima, na kwamba daktari yule na herufi zake atajua leo amekutana na nani.

Mwalimu yeyote anayenisoma ameshaelewa. Nimewaona watoto wa namna hiyo mwaka hadi mwaka, wale wanaokariri majibu ya mtihani wa majaribio, la kwanza C, la pili A, la tatu A, na siku ya mtihani wenyewe wanajaza vilevile bila kusoma swali. Niliwakemea mbele ya wazazi wao. Kwa baba yangu sikuona kitu. Siku mbili kabla ya kurudi kliniki nilifanya mtihani wa majaribio, kimya kabisa, saa ya ukutani mbele yetu, na baba akapata zote kumi na moja. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia aanze kutafuta maneno ya kuomba msamaha.

Siku ilipofika, baba alivaa kanzu nyeupe na koti, akanyoa ndevu. Daktari aliniruhusu kukaa ndani kwa sharti kwamba nisiwe na kifua. Majibu ya damu yalikuwa mazuri, masikio mazuri, macho yanafaa kwa umri wake. "Sasa babu, turudie ile ya herufi," alisema. Baba akajiweka sawa. Akafumba macho. Nikajua tumeshinda.

Daktari akavuta droo akatoa karatasi nyingine.

Niliiona kuwa ni nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na doa la chai kwenye kona. Akaanza kusoma. Baba akaanza kugonga. Aligonga kwa utulivu, kwa uhakika, kidole kimoja kimenyooka, kila pigo mahali pake, isipokuwa mahali penyewe palikuwa pa karatasi ile ya wiki tatu nyuma. Alisomewa M akagonga. Akasomewa A, akatulia kwa heshima. Akasomewa T akagonga. Daktari alipunguza mwendo, baba naye akapunguza, wakaenda pamoja hivyo mpaka karatasi ikaisha. Daktari alikuwa amemaliza herufi zake. Baba alikuwa bado amebakiwa na mapigo mawili, na kwa kuwa ni mtu asiyeacha kazi katikati, akayagonga. Ndipo akafumbua macho.

"Zote," alisema.

Daktari akaweka karatasi chini. Alinitazama mimi.

"Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Nimestaafu."

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mwalimu," nikasema, na sauti ilinitoka ndogo, ile sauti ya mtoto aliyekutwa na karatasi kwenye soksi.

Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza kama mtoto wangu angepelekwa kupimwa uzito ningemjaza mawe mifukoni ili mzani useme ameshiba. Alisema hiki siyo mtihani wa kufaulu. Hakuna daraja, hakuna shule ya kuchaguliwa. Yeye anatafuta kujua umakini wa babu umefika wapi, ili aseme babu afanye nini na asifanye nini, na mimi nimemfungia mlango. Nilikuwa natazama sakafu. Vigae vya chumba kile ni vya rangi ya maziwa, vina mistari ya kijivu, navikumbuka kimoja kimoja.

Ndipo baba akasogeza kiti mbele.

"Daktari, mjukuu wangu, usimwandikie vibaya," alisema. "Ni mwalimu mzuri sana huyu, amefaulisha watoto wa watu. Ni mwanafunzi ndiye mbovu."

Nilikuwa nimedhani wiki zile tatu baba anapigania mkasi wake. Kumbe alikuwa hataki niaibike. Nililia palepale, nikiwa na miaka yangu yote, na daktari alinipa karatasi ya kujifutia kutoka kwenye boksi ambalo naamini amewekewa kwa ajili ya watoto wa wagonjwa na siyo wagonjwa.

Tulipangiwa kurudi wiki iliyofuata. Ratiba niliibandua ukutani. Ile bahasha niliichoma jikoni, mkaa ukaipokea. Baba alirudi Makutupora na mimi nikaenda kulala kule naye, tukala mlenda, hatukutaja herufi. Siku yenyewe daktari alinionyesha benchi la nje kwa kidole, na mimi nilikuwa nimeshalikalia kabla kidole hakijashuka.

Dirisha la chumba kile ni la vioo vya vipande vya kufungua na kufunga, na vilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilisikia kila kitu. Sauti ya daktari inasoma herufi, taratibu, na meza. A, na ukimya. Herufi nyingine, nyingine, na pigo moja limechelewa. A, na pigo. Nikashangilia moyoni. A, ukimya. A, ukimya. Kitu fulani kikaanguka huko korido, nikamsikia baba anauliza ni nini hicho. Niliweka mkono pajani na kidole changu kikawa kinagonga chenyewe, kila A, hakikukosa hata moja, na hakikumsaidia mtu yeyote. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliniuliza naimba kwaya gani. Nikamwambia nasubiri mgonjwa.

Katika maisha yangu ya kazi nimesimama nyuma ya watoto wengi wanaokosea, na sikuzote nilikuwa na la kufanya: kidole kwenye daftari, neno, kikohozi, hata kofi. Siku ile kazi yangu ilikuwa kukaa. Ni kazi ngumu kuliko kufundisha migawanyo. Nilikaa mpaka sauti ya daktari ilipokoma.

Aliniita ndani akatueleza wote wawili, polepole, kwa maneno laini. Umakini wa babu umepungua, na unaweza kuendelea kupungua. Hana dawa ya kuurudisha. Lakini mikono yake inajua mengi, na kazi aliyoizoea inamfaa kuliko kukaa bure, ilimradi jambo moja kwa wakati mmoja na pasiwe na makelele. Dawa za kupulizia zabibu asichanganye tena. Na kazi yenye kitu cha kukata asiifanye peke yake. Akaandika barua, akanipa niisome, nikaikunja. Baba akamshukuru na kumhimiza ale zaidi.

Tulipofika nje, getini, baba alisimama.

"Amesema maneno mazuri sana yule binti," alisema. "Sasa nimepata ngapi?"

Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu. Mdogo wangu hakuwa ameiona, na baba bila miwani asingeisoma. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema ameongeza, ameshika nafasi nzuri, na ningeeleweka. Niliwaza yote hayo kwa muda ambao bodaboda mbili zilipita.

"Umefeli, baba."

"Kabisa?"

"Nne katika kumi na moja."

Alitikisa kichwa, akiipokea. "Hizo ni zangu mwenyewe lakini?"

"Ni zako mwenyewe."

"Sawa," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Mpigie mdogo wako. Tulikubaliana. Mwambie mkasi uko juu ya kabati, kwenye kitambaa."

Nilipiga palepale, jua la saa saba linatuwakia, malori ya mchanga yanapita. Mdogo wangu aliuliza daktari amesemaje. Nikamwambia mzee amefeli. Akasema pole, kwa kweli alisema vizuri, na akaanza kueleza kuhusu mtu mmoja anayetafuta shamba la kukodi. Nikamkatiza. Nikamwambia nimesoma barua kwa makini na hakuna mahali imesema mzee asipogoe. Imesema asipogoe peke yake.

"Sasa dada, nani atasimama naye mstari kwa mstari, msimu hadi msimu?" aliuliza. "Kibarua? Kibarua atamwachia akate mpaka nyaya."

"Mimi," nikasema.

Mdogo wangu ananijua. Mimi sipendi shamba. Nilisoma kwa bidii utotoni kwa sababu moja tu, nisije nikapogoa zabibu. Nilipostaafu niliapa kwamba sitaamka tena kabla ya jua. Siwezi vumbi, siwezi nyigu, na sijui jicho la kuacha ni lipi na la kukata ni lipi.

"Wewe?" alisema.

"Mimi. Na eka haikodishwi. Kaa na huyo mtu wako." Nikakata simu kabla hasira haijaisha, maana ikiisha huwa natafakari.

Baba alikuwa amesikia upande wangu wote. Alinitazama kuanzia viatu mpaka mtandio, bila haraka, jinsi alivyokuwa akiwatazama vibarua wapya asubuhi ya kwanza ya msimu. Hakuniambia asante. Sidhani hata kama alifurahi kuona alicholetewa.

"Hujui hata mkasi unashikwaje," alisema.

"Utanifundisha."

"Mmh." Alifikiri. "Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshafika kichwani mwa mstari wa kwanza. Siyo saa kumi na mbili ndiyo unatafuta kandambili. Na hiyo simu uiache nyumbani. Kazi hii inataka umakini."

Nikasema ndiyo baba. Akanishika mkono, tukasubiri lori lipite, tukavuka barabara.